Maestro Aliyefuata Miguu

Kola ndizo zilizonichefua kwanza. Mzee yule alipaka nywele rangi nyeusi ya kopo, na joto la Jeddah halina adabu: ikifika saa nne asubuhi rangi ilikuwa imeteremka shingoni, imechanganyika na jasho na poda, imekaa kwenye kola ya shati jeupe kama masizi ya sufuria. Mashati saba kwa wiki. Niliyasugua kwa ndimu, kwa magadi, kwa mswaki mkuukuu, na mara nyingine kwa matusi ya kwetu Taita ambayo mama yangu hajui kwamba ninayajua. Leso zake sizitaji. Nitasema tu kwamba alikuwa mtu wa mafua yasiyokwisha katika nyumba yenye viyoyozi kila chumba, na kwamba alikuwa na tabia ya kuziacha leso hizo wazi juu ya piano.

Alikuwa Mwitaliano, mwongozaji wa okestra katika kumbi za maonyesho na mtunzi wa muziki wa baleti, ile ngoma ya Wazungu ya kusimama kwa ncha za vidole. Alitaka aitwe maestro, yaani fundi mkuu, na sote tulimwita hivyo mbele yake. Nyuma yake, mwenzangu wa jikoni, msichana wa Nairobi tuliyelala naye chumba kimoja, alimwita mzee wa wino.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani katika jumba moja la Al-Hamra, karibu sana na bahari, bahari ambayo kwa miaka miwili na zaidi niliiona mara nne. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni karatasi moja tu, huruji, ruhusa ya kafili, yaani mdhamini wako, ya kutoka nchini. Bila hiyo hata ukiota mbawa utarukia ndani ya ukuta. Kafili wangu alikuwa bosi, mume wa madam, na hakuwa amekataa kunipa. Alikuwa hajasema kitu. Kila nikimuuliza madam, alinijibu huku akitazama simu yake: "Baada ya Ramadhani, inshallah."

Mwingine angengoja. Mimi nilikuwa na mama mwenye presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kabla sijaondoka nyumbani, na sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba la kulia linafuata njia ileile. Dawa ya matone inalichelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Ijumaa moja, siku ambayo niliruhusiwa simu, aliniambia bila kulia, maana si mwanamke wa kulia, "Mwanangu, hili moja lililobaki nataka likuone wewe kabla halijafunga duka." Mwaka ule sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka kusimama mbele ya mama yangu wakati bado ana jicho.

Maestro aliletwa na wimbi lilelile lililonileta mimi, ila yeye lilimleta kwa viti vya mbele vya ndege. Ilikuwa miaka ile walipoanza kuruhusu muziki na maonyesho hadharani, na matajiri wakakimbilia Ulaya kuajiri wasanii kwa namna ileile waliyotuajiri sisi kutoka Kenya: wakala, mkataba, kipimo cha damu, alama za vidole, ikama ya kuishi nchini. Bosi alikuwa anajenga ukumbi Riyadh na alitaka uzinduliwe kwa baleti iliyotungwa maalumu, hadithi ya binti mfalme wa jangwani. Kwa hiyo maestro akapewa nyumba ndogo ya uani, na piano kubwa nyeusi ikawekwa katika sebule ya wanaume. Sebule hiyo ilipakana na chumba changu cha kupigia pasi. Madam aliamuru mlango wa katikati uachwe wazi saa zote, kwa sababu si halali mwanamume na mwanamke kufungiwa pamoja, na yeye mwenyewe akawa anakaa hapo korido na chai yake.

Kwa mlango ule nilisimuliwa maisha yote ya mtu ambaye sikumwuliza. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu cha darasa la nane, tukaelewana vizuri tu.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, mpiga piano katika chumba cha mazoezi ya wachezaji, mji mmoja wa kaskazini mwa Italia. Kutwa nzima moja mbili tatu nne, wachezaji wakijinyoosha mbele ya vioo. Kisha akapandishwa akawa mwongozaji, lakini opera walipewa wengine. Yeye alipewa baleti, kwa sababu, alisema, waongozaji wakubwa wanaona aibu kutazama miguu. "Wa opera anafuata koo la mwimbaji," aliniambia. "Mimi nimefuata miguu miaka arobaini." Mchezaji akiwa mzito siku hiyo, yeye alipunguza mwendo ili mguu utue pamoja na ngoma. Mchezaji akiwa amegombana na mkewe na hawezi kuruka juu, yeye aliharakisha okestra ili watu wasigundue. Akiona tu unyayo ukiondoka sakafuni, alijua utarudi lini.

Hapo nakiri nilimpenda kidogo. Niliona ni kazi inayofanana na yetu, ya kuwatengenezea wengine njia wapite wakiwa wanang'aa. Nilikuwa mjinga, lakini ndivyo nilivyoona.

Baleti zake mwenyewe zilikuwa nne. Ya kwanza ilipigiwa miluzi mpaka pazia likashushwa. Ya pili ilifungwa siku ya tatu, mchezaji mkuu alipovunjika kifundo cha mguu. Ya tatu ilichezwa miaka mingi katika mji mmoja wa Ulaya ya mashariki, na alipokuwa na furaha alisema ni kwa ubora wake, na alipokuwa na huzuni alisema ni kwa sababu mkurugenzi alikuwa shemeji yake. Ya nne haikuchezwa. Mke akaondoka, shemeji akaondoka naye, na ukumbi pia. Mwishowe akawa anapiga muziki kwenye meli ya watalii, wazee wakicheza baada ya chakula, na huko kwenye meli ndiko wakala wa bosi alikomwokota. Alikuwa na albamu ya vipande vya magazeti, picha zake akiwa kijana mwembamba mwenye nywele zake za kweli. Niliambiwa niifute vumbi kila Jumamosi. Kati ya kurasa nilikuta maganda ya jibini, kucha za miguu, na siku moja nusu ya yai la kuchemsha.

Bosi akija na mageuzi yake, mzee alikuwa anainama mpaka unaona upara ambao wino haukufika. Bosi alitaka muda upunguzwe uwe dakika arobaini. "Ndiyo, bosi." Binti mfalme asinyanyuliwe na mwanamume. "Ndiyo, ni vizuri zaidi." Kuwe na farasi. "Farasi! Wazo zuri kabisa!" Bosi akitoka, maestro alimtukana kwa Kitaliano dakika kumi nzima, kisha akatema mate kwenye chungu cha maua. Maua hayo nilikuwa nayamwagilia mimi. Nilichukia kumtazama akiinama, nadhani kwa sababu nami nilikuwa nainama vilevile, ila mimi nilimeza mate yangu.

Sasa, nilipokuwa napiga pasi nilikuwa naimba. Wimbo wangu mkubwa ulikuwa wa kwetu, wa wanawake wanaokandika nyumba. Unamdhihaki mwali aliyeolewa juzi, ambaye hataki kushika udongo asichafue leso yake mpya. Mwanzishaji anataja visingizio vyake: mgongo unamuuma. Wote wanaitikia: mletee udongo! Kichwa kinamuuma: mletee udongo! Ameota ndoto mbaya: mletee udongo! Ukiendelea hivyo ukuta unakwisha na mtu hajahisi mkono. Nikiwa peke yangu Al-Hamra, niliimba sehemu ya mwanzishaji, nikanyamaza kwa muda wa kiitikio huku shangazi zangu wakiitikia kichwani mwangu, kisha nikaendelea. Ndivyo unavyoimbwa. Hujiitikii mwenyewe, kwetu huo ni ulafi.

Siku moja katikati ya kunyamaza kwangu nikamwona maestro amesimama mlangoni na ute wa yai kidevuni. Kila asubuhi alikunywa yai bichi kwa ajili ya koo, ingawa haimbi.

"Ni nini hicho?" akauliza.

"Wimbo wa kukandika nyumba, maestro."

"Huo ukimya! Unaimba, halafu ukimya, halafu unaimba tena. Mungu wangu, ni maombolezo."

"Si maombolezo. Hapo ndipo wengine wanaitikia."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, macho yamemlowa. "Wafu."

"Si wafu. Ni shangazi zangu. Wako hai, na wana makelele."

Hakunisikia. Alikuwa amekwisha kumwona binti mfalme wake akifa mchangani na sauti yangu ikitoka juu kwenye vipaza sauti. Alisema atairekodi, na violini zitalia katika zile nafasi tupu. Nikamwangalia vile anavyotetemeka, nikajua kwamba kwa mara ya kwanza nina kitu ambacho mtu katika nyumba ile anakihitaji. Nikaweka pasi pembeni.

"Wewe unakula na bosi kila Alhamisi," nikamwambia. "Mkataba wangu umekwisha. Mama yangu anapofuka, na anataka kuniona kabla. Mwombe bosi anipe huruji. Ukimwomba, nitakuimbia hata mara mia."

Aliweka mkono kifuani, juu ya shati nililolisugua jana yake. "Kwa roho ya mama yangu," akasema. "Nitamwomba wiki hii."

Tulirekodi mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, alasiri kwa alasiri, madam akiwa amekaa korido anamenya mbegu za alizeti kwa meno na kutema maganda kwenye sahani. Mzee alinitaka niimbe polepole. Halafu polepole zaidi. Halafu kana kwamba ninakaribia kukata roho. Kwa mwendo ule udongo ungekaukia mikononi na nyumba isingepata hata ukuta mmoja. Madam akichoka alisema, "Yalla, imba, nataka kulala," nami nikaimba. Mwishoni mwa wiki ya pili maestro aliusikiliza mkanda wote kwenye visikizi vyake, akabusu ncha za vidole vyake, akasema umekamilika. Vidole hivyo vilikuwa na mafuta ya samaki.

Mwenzangu wa jikoni nilimfundisha kiitikio tukimenya vitunguu. Alikuwa Mkikuyu wa Kayole, hakujua neno moja la kwetu, lakini lile la kumletea mwali udongo alilipenda akawa analitumia kwa kila kitu. Madam akilalamika mgongo, yeye ananong'ona jikoni kwa Kitaita kibovu: mletee udongo. Alipenda mzaha, lakini yeye hakumwamini maestro hata kidogo.

"Amesema na bosi?" aliniuliza kila Ijumaa.

"Anasema bosi anafikiria."

"Anafikiria nini, si ni signature tu? Huyo mzee anakuzungusha, my dear. Mimi nakwambia."

Nami nilimwambia aache roho mbaya, kwamba ahadi ni deni na mtu hawezi kuapa kwa roho ya mama yake bure. Ramadhani ikaingia, tukapika mpaka mikono ikavimba. Idi ikapita. Nikamngoja madam aseme neno, hakusema. Badala yake siku moja alinipa shungi lake la zamani, akanipigapiga bega. "Wewe mwema sana," akasema. "Wengine mkataba ukiisha hawangoji hata siku moja." Nilidhani ananisimanga. Nikashukuru kwa kichwa nikarudi kwenye pasi.

Kila Ijumaa nilimuuliza mama anaona nini. Mwanzoni aliniambia anaona vizuri, ila watu wanatokea ghafla kutoka pembeni. Kisha akaniambia anaona kama anayechungulia ndani ya bomba. Baada ya Idi alisema ili amjue mdogo wangu ni nani ni lazima amsimamishe dirishani, amgeuze kidevu huku na huku. "Lakini wewe nitakujua," akasema. "Wewe una uso mpana." Akacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kumuuliza maestro tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa limeuma miezi.

"Subira, sinyora," alinijibu. "Mambo kama haya hayasukumwi. Bosi ni mtu mzito. Namfuata taratibu."

Halafu likaja jambo la barua yake. Ukumbi wa ule mji wa mashariki ulikuwa unarudisha ile baleti yake ya tatu, usiku mmoja tu, na walimwalika aje aiongoze mwenyewe. Alikimbia uani na karatasi mkononi kama mtoto aliyeshinda mtihani, akaenda kwa bosi kuomba ruhusa ya kutoka siku nne. Bosi akasema baada ya uzinduzi wa Riyadh. Pasipoti yake nayo ilikuwa katika kabati lilelile lililokuwa na yangu.

Alilia. Nilimkuta ameinamia piano, kamasi zinadondokea vitufe, wino umechora mistari miwili mpaka kwenye taya. "Mtu mzima!" akaniambia. "Fundi! Na mtu mwingine ameshika pasipoti yangu kama mwenye mbwa! Mimi hapa nangoja, na kule kitu changu cha mwisho kinapita bila mimi. Unajua hiyo ni nini? Ni utumwa." Nilimwambia pole, na nilimaanisha. Nilimletea chai ya tangawizi na leso safi. Nilisimama pale mlangoni mpaka akatulia, nikimwonea huruma, mimi, na nikimwambia kwamba Mungu anaona. Nikikumbuka chai ile mpaka leo nasikia kichefuchefu.

"Unamlilia mzungu?" mwenzangu aliniuliza jikoni. "Aki wewe. Kwani ni mama yake haoni?"

Mwaka mpya wa Kiislamu ulipoingia tulihamia Riyadh kwa ajili ya uzinduzi. Bosi na familia kwa ndege, sisi wawili na mabegi kwa gari, jangwa kutwa. Ukumbi ulikuwa na harufu ya rangi mbichi na zulia jipya. Mimi na mwenzangu tulikalishwa kwenye viti vya mwisho kabisa pamoja na watoto wa bosi, kazi yetu kuwapa maji na kuwanyamazisha. Hivyo nilimwona maestro kazini mara moja tu maishani, mgongo tu, koti refu jeusi, akiwaongoza wapigaji kumi na wawili ambao viza zao zilifika kwa wakati. Waliobaki walikuwa ndani ya mashine. Wachezaji walikuwa wamevalishwa magauni mapana, miguu haionekani hata kidogo, na yeye alikuwa anayachungulia yale magauni, shingo mbele, akiwinda mahali mguu ulipo. Farasi alipanda jukwaani akakojoa. Walipiga makofi.

Kisha binti mfalme akaanguka mchangani, taa zikawa za buluu, na juu ya vichwa vyetu ikaja sauti yangu, polepole kama ya mgonjwa, ikiwaambia matajiri wote wa Riyadh kwa Kitaita kwamba mwali mgongo unamuuma. Ikanyamaza. Violini zikalia. Ikarudi: kichwa kinamuuma. Mwanamke wa mbele yetu akatoa leso akafuta macho. Mara ya tatu, sauti iliposema ameota ndoto mbaya na kunyamaza, mwenzangu akashindwa. "Mletee udongo!" akaitikia, wazi kabisa, na mtoto mkubwa wa bosi, aliyekuwa amezoea kulisikia jikoni, akaitikia pia. Viti viwili vya mbele viligeuka. Madam alituangalia kwa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Sisi tulijiinamia nyuma ya viti na kucheka mpaka machozi, na kwa dakika ile nilikuwa nyumbani, na binti mfalme akafa vizuri tu.

Maestro aliinama mara tano. Aliwanyooshea mkono wachezaji, wapigaji, bosi. Hata farasi alinyooshewa mkono. Sauti haikunyooshewa, lakini sikuwa nimetarajia hilo. Nilichokuwa nakitarajia kilikuwa kingine, na niliona sasa mzee amefurahi, bosi amefurahi, kesho atamwomba kwa hakika.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanga mabegi ya madam. Alikuwa mchangamfu, amesifiwa na mashoga zake wote. "Halas," akasema, "onyesho limekwisha. Sasa bosi atakutolea huruji yako."

Nikashika mlango wa kabati. "Alhamdulillah, madam. Amekubali lini?"

"Lini?" Alinitazama kama niliyepoteza akili. "Tangu Shaabani, kabla ya Ramadhani. Alisema uondoke baada ya Idi. Si wewe uliyetaka kungoja? Huyu hawaja, huyu mzungu, alimwambia bosi mmekubaliana, wewe ubaki mpaka onyesho, kwa ajili ya wimbo. Nikasema, mafi mushkila, hakuna shida, msichana ana moyo mzuri."

Shaabani. Nilihesabu hapohapo, nguo zake zikiwa mkononi. Miezi mitano. Bomba, dirisha, kidevu cha mdogo wangu, vyote vilikuja baada ya Shaabani. Nikakumbuka shungi na ule mkono begani, na nikaelewa kwamba kumbe hakuwa akinisimanga. Alikuwa ananishukuru.

Nilimpelekea maestro mashati yake katika chumba cha wageni. Mlango wazi, madam nyuma yangu korido, kama kawaida. Alikuwa amelala kwenye kochi na soksi za jana, anakula tende na kutemea kokwa kiganjani. Nilimuuliza kama ni kweli, nikiwa bado na tumaini dogo la kijinga kwamba madam amekosea.

Hakukana. Aliketi wima, uso umeng'aa. "Bila shaka! Nilimwambia bosi huyu mwanamke ni wa lazima. Bila yeye hakuna tendo la mwisho. Kuna mtu amewahi kusema hivyo juu yako katika nyumba hii?"

"Ulikuwa umekwisha kurekodi. Sauti ilikuwa kwenye mashine tangu Rajabu."

"Mashine huharibika, sinyora. Ilikuwa tahadhari tu."

"Mama yangu, maestro. Nilikwambia mama yangu."

"Mama yako atausikia wimbo. Nitakupa nakala." Akatema kokwa nyingine. "Kusikia ni zaidi ya kuona. Niamini mimi, mimi ni mwanamuziki."

Watu wakisimulia mambo kama haya husema walilia, au walitaka kumpiga. Mimi nilichefuka. Niliona tende iliyotafunwa kati ya meno yake, na mstari wa wino shingoni unaoanza kuteremka kuelekea kola nyingine. Tahadhari tu! Mtu aliyelia juu ya vitufe vya piano kwa usiku mmoja alionyang'anywa, aliyejua jina la jambo lile na kulitaja, utumwa, kwa mdomo wake mwenyewe, wakati huo huruji yangu ilikuwa imelala kwa bosi kwa sababu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo zenyewe nilikuwa nafua. Miaka arobaini alijifunza kuungoja mguu wa mwenzake utue. Wangu aliuona unaondoka, akaukanyaga.

Na mimi nikajibu nini? Nikasema, "Sawa, maestro." Nikainamisha kichwa na kutoka. Nimejisamehe mengi ya miaka ile, hilo bado. Mashati machafu ya juzi niliyakuta kwenye ndoo, nikayaacha yaendelee kulowa, na tuliporudi Jeddah yalibaki Riyadh. Mwenzangu alisema ningemwagia dawa ya madoa kwenye yai lake. Labda.

Huruji ilitoka siku ya Alhamisi. Ijumaa nikapewa simu, nikapiga nyumbani. Mdogo wangu alipokea, akasema mama yuko uani, akampelekea.

"Mama, nimepata karatasi. Nakuja Jumatano."

Alimshukuru Mungu kwa majina yake yote. Akauliza kama nitakula kwenye ndege, kama nina sweta, maana milimani kuna ukungu. Nilimwacha azungumze, nikingoja aniambie habari za jicho, na yeye akawa anataja kuku, mvua, majirani. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe.

"Jumatatu nilimwambia mdogo wako awashe taa," akasema. "Akaniambia, mama, ni saa sita mchana."

Nilisikia kuku wake nyuma, na yeye akipumua.

"Kwa hiyo usije ukakimbizana na watu huko uwanjani," mama akasema. "Njoo taratibu, mwanangu. Hakuna tena cha kuwahi."